Kipindi ni Thamani Moja: Mwongozo wa Kuchagua na Kurekebisha Data za Vipindi kwa R

Ukipokea jedwali lenye safuwima ya `mwanzo` na safuwima ya `mwisho`, macho huona namba mbili, na R hukuruhusu kuzitendea kama namba mbili zisizojuana. Makosa mengi ya data za vipindi huanzia hapo. Mgonjwa alilazwa siku fulani akaruhusiwa siku nyingine. Mshiriki wa utafiti alipimwa VVU akakutwa hana, akapimwa tena baadaye akakutwa navyo. Mwanamke aliyehojiwa yumo katika kundi la miaka 15 hadi 19. Katika mifano yote mitatu kinachoelezwa ni kitu kimoja, yaani kipande cha muda au cha umri chenye mpaka huku na mpaka kule, pamoja na kanuni inayosema kama mipaka hiyo yenyewe imo ndani au haimo. Ninachodai katika mwongozo huu ni kwamba unapochagua kipindi au kukibadilisha, ukichukue kizima: mipaka miwili na kanuni yake. Ukikivunja, R haitakukemea. Itakupa jibu, na jibu hilo litafanana kabisa na lililo sahihi.

Ushahidi mzuri zaidi umo katika kifurushi cha `survival` cha Terry Therneau, ambacho wachambuzi wengi wa data za afya hukitegemea kwa maswali ya muda hadi tukio litokee. Chukua tafiti za VVU kama ile ya Rakai nchini Uganda au ya Kisesa mkoani Mwanza, ambazo zote zilianza mwaka 1994 na kuwatembelea wakazi kwa awamu. Hakuna anayejua siku mtu alipoambukizwa. Kinachojulikana ni siku ya kipimo cha mwisho kilichoonyesha hana VVU na siku ya kipimo cha kwanza kilichoonyesha anavyo. `Surv` yenye `type = "interval2"` imetengenezwa kwa hali hiyo. Ukiipa namba mbili tofauti, inaelewa kwamba tukio lilitokea kati yake. Ukiipa namba mbili zilizo sawa, inaelewa kwamba siku ya tukio inajulikana. Ukiacha `NA` kushoto, tukio lilitangulia namba ya kulia. Ukiacha `NA` kulia, tukio lilikuwa bado halijatokea ulipomwona mtu huyo mara ya mwisho.

Sasa jaribu kuchagua. `y[1:10]` inakupa vipindi kumi vya kwanza, vikiwa bado ni vipindi. `y[, 2]` inakupa safuwima ya pili ya kilichohifadhiwa ndani, nawe kwa haki kabisa utadhani hiyo ni mipaka ya kulia uliyoiandika. Siyo. Ndani ya `y` kuna safuwima tatu: namba ya kwanza, namba ya pili, na alama ya hali, ambapo 0 ni mtu ambaye tukio lake halijaonekana, 1 ni tukio la siku inayojulikana, 2 ni tukio lililotangulia namba iliyotolewa, na 3 ni tukio lililo kati ya namba mbili. Namba ya pili ina maana pale tu alama ni 3. Kwenye mistari mingine imewekwa 1 ya kujazia nafasi, na pale alama ni 2 mpaka wa kulia ulioutoa wewe umeshahamishiwa safuwima ya kwanza. Anayekokotoa wastani wa `y[, 2]` anachanganya siku halisi na mamoja yasiyo na maana yoyote, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Mwandishi wa kifurushi hana lawama hapa, maana alihifadhi kipindi kwa namna inayorahisisha hesabu zake. Anayekosea ni anayeingiza mkono ndani ya kitu ambacho hakikukusudiwa kuchukuliwa nusu nusu.

Kuna njia nyingine ya kukivunja kipindi, na hii imeenea zaidi kwa sababu haionekani kama uvunjaji: kukigeuza maandishi. Tafiti za idadi ya watu na afya (DHS) zilizofanyika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko ziliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na kutoa majedwali kwa makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo mchambuzi wa Afrika Mashariki hukutana mapema na neno "15-19" likiwa limeandikwa ndani ya seli. Likishakuwa neno, limepoteza namba zake. Ukipanga makundi ya umri wa watu wote kwa alfabeti, "5-9" litakaa baada ya "45-49". Ukitaka kuunganisha makundi mawili, itakubidi ulikate neno, uchomoe namba, ndipo uunganishe. Fanksheni ya `cut` hufanya jambo hilo hilo kwa adabu zaidi: hupokea namba na kurudisha makundi yenye majina kama `(15,20]`, lakini majina hayo ni maandishi tu. Tena kwa kawaida yake huandika namba kwa tarakimu tatu, kwa hiyo ukigawa mapato kwa mipaka ya shilingi 100,000 utapata makundi yenye `1e+05` ndani ya jina, na usipoongeza `dig.lab` ripoti yako itasomeka kama kikokotoo kilichoharibika. Wenzetu wa Python wana nafuu kidogo: tangu toleo la 0.20 la pandas, mwaka 2017, `pd.cut` hurudisha vipindi halisi, na ukiliuliza jedwali kwa namba moja litakupa mstari ambao kipindi chake kinaibeba namba hiyo. Angalia tu kwamba tangu toleo la 0.25, mwaka 2019, ukiliuliza kwa kipindi badala ya namba litakupa kinachofanana nacho kabisa, wala si vinavyogusana nacho. Kwa kugusana kuna `overlaps`. Katika R fuata kanuni hii: weka mipaka katika safuwima za namba tangu mwanzo, na jina la kundi litengeneze mwishoni, wakati wa kuchora au kuchapa.

Mipaka yenyewe imo au haimo? Hapa napenda tukae kidogo, kwa sababu swali hili huonekana la wanahisabati wasio na kazi, na kumbe ndilo linaloamua namba zitakazochapishwa. Chukua umri kwa miaka iliyokamilika na uandike `cut(umri, c(15, 20, 25))`. Kwa kawaida ya `cut` mpaka wa kushoto haumo na wa kulia umo. Msichana wa miaka 15 hana kundi, anapewa `NA`, na wa miaka 20 anaingizwa kwenye kundi ambalo wewe utaliita 15-19. Dawa ni `right = FALSE`. Lakini katika lugha hiyo hiyo, `findInterval` kwa kawaida yake hufanya kinyume: wa kushoto umo, wa kulia haumo. Kifurushi cha lubridate huhesabu mipaka yote miwili kuwa imo, kwa hiyo `int_overlaps` itakuambia kwamba kulazwa kulikoisha saa sita kamili usiku wa kuamkia Machi 5 kunaingiliana na kulazwa kulikoanza saa hiyo hiyo. Kifurushi cha ivs, kilichoandikwa na Davis Vaughan, kinashikilia kwamba mpaka wa kulia haumo, na kwake vipindi hivyo viwili vimepakana tu. IRanges, kinachotumiwa na wachambuzi wa jenomu kupitia Bioconductor, huhesabu kuanzia 1 na kuiweka mipaka yote miwili ndani, ilhali mafaili ya BED wanayoyasoma kila siku huhesabu kuanzia 0 na kuuacha mpaka wa kulia nje. Kila mmoja ana sababu zake, na hakuna hata mmoja anayejua jirani yake anafanya nini. Ukihamisha vipindi kutoka kifurushi kimoja hadi kingine bila kubadilisha kanuni, umebadilisha data.

Ukubwa wa kosa unaweza kuukokotoa mwenyewe. Mtu aliyefuatiliwa kuanzia Januari 1, 2023 hadi Januari 1, 2024, mpaka wa kulia ukiwa haumo, amechangia siku 365. Ukiigawa miezi hiyo kumi na miwili kwa vipindi vinavyoanza tarehe mosi na kuishia tarehe mosi ya mwezi unaofuata, kisha ukahesabu mipaka yote kuwa imo, kila mwezi unaongezewa siku moja na jumla inakuwa 377. Siku kumi na mbili zimezaliwa kutokana na kugawa tu. Kwa mpaka mmoja ulio ndani na mmoja ulio nje, tofauti ya namba mbili ndiyo urefu, vipindi vinavyofuatana hukutana bila kuacha mwanya wala kupandana, na jumla ya vipande hubaki kuwa sawa na kitu kizima. Edsger Dijkstra aliitetea kanuni ya aina hii katika waraka mfupi wa mwaka 1982 kuhusu kuhesabu kuanzia sifuri, na PostgreSQL, tangu ilipoleta aina za masafa katika toleo la 9.2 mwaka 2012, hupokea `[2024-03-01,2024-03-31]` kwa tarehe na kuirudisha ikiwa `[2024-03-01,2024-04-01)`.

Msomaji makini atasema kwamba watu hawazungumzi hivyo. Fomu ya likizo inasema kuanzia Machi 1 hadi 31, na hakuna mfanyakazi anayedhani tarehe 31 atakuwa kazini. Ni kweli, na sipendekezi fomu zibadilishwe. Fanya ubadilishaji mlangoni: unaposoma faili, ongeza siku moja kwenye tarehe ya mwisho, unapochapa ripoti, ipunguze. Kati ya milango hiyo miwili msimbo wako wote uwe na kanuni moja. Kuna pingamizi zito zaidi. Katika uchambuzi wa hatari, `survival` huvisoma vipindi vya ufuatiliaji kwa mpaka wa kushoto usiomo na wa kulia uliomo, kwa sababu tukio linalotokea siku ya mpaka lazima lihesabiwe kwa hali aliyokuwa nayo mtu kabla yake, si kwa dawa aliyoanzishwa siku hiyo hiyo baada ya tukio. Hoja hiyo naikubali kabisa. Kinacholindwa ni upande mmoja tu kuwa ndani; upande gani, kazi yenyewe itaamua. Uandike uamuzi huo juu kabisa ya faili la msimbo kabla hujaandika kitu kingine.

Kanuni ikishajulikana, kuchagua kwa yaliyomo ni rahisi kuliko wengi wanavyokufanya. Swali "nani alikuwa wodini siku `d`?" linajibiwa na `mwanzo <= d & d < mwisho`. Swali "vipindi vipi vinaingiliana na dirisha hili?" huwaponza watu, kwa sababu hujaribu kuorodhesha hali zote: kinachoanza kabla na kuishia ndani, kinachoanza ndani na kuishia baada, kilichomezwa, kilichomeza. James Allen alionyesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vinaweza kuhusiana kwa namna 13, na anayeziandika zote kwa mkono lazima asahau mojawapo. Geuza swali. Vipindi viwili haviingiliani pale tu kimoja kinapokwisha kabla au wakati kingine kinapoanza; kinyume chake ni `a1 < b2 & a2 < b1`, ambapo `a` ni mwanzo na `b` ni mwisho. Mstari huo mmoja unabeba namna tisa kati ya zile kumi na tatu, na nne zilizobaki ni za kutangulia, kufuata, na kupakana kwa kila upande. Data ikiwa kubwa, usizungushe mstari kwa mstari: data.table ina `foverlaps`, na ivs ina `iv_locate_overlaps`, na zote zitakupa jozi za mistari inayoingiliana.

Bado kuna `NA`. Mgonjwa ambaye hajaruhusiwa hana tarehe ya mwisho, na katika majedwali mengi seli yake ni tupu. Ukiandika `wodi[wodi$mwisho > d, ]`, ulinganisho huo utatoa `NA` kwa mgonjwa huyo, na R haitamwacha wala kumchukua: itakurudishia mstari mzima uliojaa `NA`, ambao utahesabiwa ukitumia `nrow`. Ukitumia `which()` au `subset()` mstari huo utatoweka, na pamoja nao mgonjwa aliye kitandani hivi sasa, yaani yule hasa uliyekuwa unamtafuta. Tatizo ni kwamba `NA` inabeba maana mbili. Inaweza kuwa "hakijaisha", na inaweza kuwa "kiliisha lakini hakuna aliyeandika lini". Ya kwanza ni taarifa kamili. Ya pili ni pengo. Zitenganishe kwa safuwima ya hali kabla hujachagua chochote, kisha andika wazi sharti la wale ambao vipindi vyao havijaisha: `mwanzo <= d & (hali == "yumo" | (!is.na(mwisho) & d < mwisho))`. Ni ndefu, lakini inasema unachomaanisha, na mtu ambaye mwisho wake haukuandikwa anaachwa nje kwa sharti uliloliandika mwenyewe.

Upande wa kurekebisha una swali lake la msingi. Kipindi kina mwanzo, mwisho na urefu, na ukijua viwili cha tatu kimeshaamuliwa. Kwa hiyo kila unapobadilisha kimoja lazima ujue kipi kati ya viwili vilivyobaki kitasimama na kipi kitasogea. Lubridate huhifadhi ndani yake mwanzo na urefu kwa sekunde, wala haihifadhi mwisho. Ukitumia `int_start(x) <- tarehe`, fanksheni hiyo inakokotoa urefu upya na mwisho unabaki pale pale. Ukiingia ndani kwa `x@start <- tarehe`, urefu unabaki na mwisho ndio unaosogea. Amri mbili zinazofanana kwa macho, matokeo mawili tofauti. IRanges nayo, ukibadilisha `start` huacha mwisho mahali pake, na ukibadilisha `width` huacha mwanzo. Unapotaka kipindi kizima kisogee, tumia fanksheni ya kusogeza, `int_shift` au `shift`, usiongeze namba kwenye mipaka mmoja mmoja ukitumaini hutasahau wa pili.

Marekebisho yanayofanyika mara nyingi kuliko yote ni kukata vipindi kwenye tarehe ya kufunga utafiti. Mtu huandika `mwisho <- pmin(mwisho, kufunga)` na kuendelea na safari. Vipindi vilivyoanza baada ya tarehe ya kufunga sasa vinaishia kabla ya kuanza, na urefu wake ni hasi. Lubridate inavikubali vipindi vya namna hiyo, na vitapunguza jumla yako kimyakimya. Ivs na pandas hukataa kuvitengeneza, na kwa hilo nazisifu. Kukata kipindi ni kutafuta sehemu yake iliyo ndani ya dirisha. Kwa hiyo kata pande zote mbili, mwanzo kwa `pmax` na mwisho kwa `pmin`, kisha uondoe vile ambavyo mwanzo wake haujatangulia mwisho. Na ile `NA` ya mgonjwa aliyeko wodini hapa ina jibu jema: kwa huyo, mwisho wa kipindi kilichokatwa ni tarehe ya kufunga, na alama ya hali ndiyo inayosema kwamba tukio halijaonekana.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Dar es Salaam na Nairobi ziko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, na lubridate ukiipa tarehe tupu bila ukanda huifanya kuwa saa sita usiku kwa UTC. Katika matoleo ya zamani ya R, kugeuza muda kuwa tarehe kwa `as.Date` kulifuata UTC hata pale muda ulipobeba ukanda mwingine, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa saa saba na nusu usiku alisajiliwa kuwa amezaliwa jana yake. Taja ukanda kila mara: `tz = "Africa/Dar_es_Salaam"`. Kuna jambo jingine ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kukuonya. Daftari likijazwa kwa saa za Kiswahili na tarakilishi ikazisoma kama saa za kimataifa, kila muda umesogea kwa saa sita. Mipaka yote miwili ikisogea pamoja, urefu wa kipindi hautabadilika, na ukaguzi wa urefu hautaona kitu. Mmoja ukiandikwa kwa saa za Kiswahili na mwingine kwa saa za kimataifa, urefu utakosea kwa saa sita. Kwa hiyo usikague urefu peke yake. Chora mgawanyo wa saa za mwanzo: kliniki ya mchana ambayo wagonjwa wake wengi wanaonekana kufika kati ya saa 2:00 na 5:00 za usiku wa manane kwa saa ya kimataifa inakuambia yenyewe kilichotokea.

Pingamizi linalosikika sana ni kwamba haya yote ni mzigo, na kipindi kinaweza kubadilishwa kuwa tarehe moja ya katikati, kazi ikaendelea kwa zana za kawaida. Kwa vipindi vifupi sibishani. Kwa mtu aliyelazwa siku mbili, katikati haitamdhuru yeyote. Lakini chukua jamii inayopimwa mwanzoni mwa 2015 na tena mwanzoni mwa 2018. Kila aliyeambukizwa kati ya vipimo hivyo atapewa katikati ya 2016. Mwaka 2015 utaonekana hauna maambukizi hata moja, 2017 vivyo hivyo, na 2016 utaonekana kama mwaka wa mlipuko, ingawa virusi havikufuata ratiba ya watafiti. Mwaka 2018 uchambuzi wa data za KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini ulieleza udhaifu wa njia hii katika kukadiria kasi ya maambukizi ya VVU. Njia ya kuheshimu kipindi ipo tangu zamani: Bruce Turnbull alichapisha mwaka 1976 kikadiriaji kinachotumia mipaka yote miwili bila kubuni siku, na `survfit` hukitumia ukiipa `Surv` ya aina ya `interval2`. Haihitaji msimbo mrefu kuliko ule wa kutafuta katikati. Inahitaji tu kwamba uwe hujaitupa mipaka njiani.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: safuwima mbili za kawaida zinatosha, na aina maalumu za data huongeza vifurushi, hubadilika kwa matoleo, na haziwezi kusafiri. Kwenye kusafiri, pingamizi linashinda. Andika kipindi cha lubridate kwenye CSV na utapata maandishi yenye vistari viwili katikati, ambayo mwenzako wa Stata atalazimika kuyakata kwa mkono. Kwa hifadhi na kubadilishana, safuwima mbili ndizo sahihi. Ninachokataa ni msimbo unaozigusa safuwima hizo moja moja katika sehemu ishirini za faili. Ukiamua kubaki nazo, andika fanksheni tatu au nne zako mwenyewe, ya kukata, ya kusogeza, ya kugawa na ya kupima mwingiliano, kila moja ikipokea mipaka yote miwili na kurudisha yote miwili, na usibadilishe mpaka wowote nje yake. Hapo umejitengenezea aina ya data bila kuiita hivyo. Jihadhari hasa na `ifelse` ndani ya fanksheni hizo, kwa kuwa huivua tarehe utarehe wake na kukuachia idadi ya siku tangu 1970. Fanksheni ya `if_else` ya dplyr huihifadhi.

Ukaguzi hauchukui zaidi ya mistari michache, na uuweke mara baada ya kila badiliko, usiuache hadi mwisho wa faili. Wa kwanza unahakikisha kwamba mwanzo unatangulia mwisho: `stopifnot(all(mwanzo < mwisho, na.rm = TRUE))`. Wa pili unahesabu `NA` kabla na baada, kwa sababu badiliko halali la mipaka haliongezi wasiojulikana. Wa tatu ndio ninaouthamini kuliko yote: unapogawa vipindi, kwa `survSplit` au kwa fanksheni yako, jumla ya `mwisho - mwanzo` kwa kila mtu ibaki ile ile hadi siku ya mwisho. Siku zikiongezeka, mipaka imehesabiwa mara mbili. Zikipungua, kuna mwanya au kuna kipindi kilichogeuka hasi. Ukaguzi huu unafanya kazi bila kujua chochote kuhusu kifurushi ulichotumia, na hilo ndilo linaloupa thamani. Jedwali likishapita, lihifadhi likiwa na safuwima mbili za tarehe zilizoandikwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, na kanuni ya mipaka uitie ndani ya majina yenyewe, `mwanzo_umo` na `mwisho_haumo`, ili atakayelifungua faili bila wewe kuwapo asilazimike kukisia.